Kabla ya Kulipia Mbizi katika Ziwa Tanganyika

Bidhaa nyingi mlaji huweza kuzikagua kabla ya kulipa. Kitenge hukishika, nyanya huzigeuza, dagaa huwanusa na kuwatazama kama wana mchanga. Huduma ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa haikaguliki namna hiyo. Mlaji hulipa akiwa amesimama nchi kavu, na ubora wa alichonunua huujua akiwa mita kumi au kumi na tano chini ya maji, mahali ambapo hawezi kusema, kurudisha bidhaa wala kudai chenji. Kwa sababu hiyo ukaguzi wake wote hauna budi kufanyika mapema, kwa maswali. Somo hili linahusu maswali hayo.

Tumeliandika tukiwafikiria zaidi wakazi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na hasa wale wa Katubuka na kata jirani, ambao mara nyingi ndio wanaoombwa na ndugu na wageni wao kuwatafutia boti, mwongozaji na siku ya kwenda ziwani. Anayemtafutia mgeni huduma hubeba sehemu ya dhamana yake, hata kama hapati kamisheni yoyote. Ni vema basi ajue anachokinunua kwa niaba ya mwenzake.

Kinachouzwa

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Takwimu hii hutajwa sana katika matangazo, lakini kwa mpiga mbizi haina faida. Maji ya chini kabisa ya ziwa hili hayana oksijeni, kwa hiyo samaki hawaishi humo. Utajiri wa kutazamwa uko juu, kwenye miamba ya pwani, na sehemu yake kubwa haizidi kina cha mita kumi.

Hapo huishi samaki wa jamii ya sikilidi, aina zaidi ya mia mbili, ambao karibu wote hawapatikani katika ziwa au mto mwingine wowote duniani. Wengine hubeba mayai na vifaranga vyao kinywani. Wengine, wasiozidi urefu wa kidole, huishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyotapakaa mchangani. Kuhe, ambaye wakazi wa Kigoma humjua zaidi akiwa mezani pamoja na ugali, ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kabisa, na majini baba na mama huonekana wakilinda kundi la watoto wao kwa ukali. Kwa kuwa samaki wa mwambani hawapendi kuvuka maeneo mapana ya mchanga, rangi zao hubadilika kutoka mwamba hadi mwamba. Samaki wa rasi moja aweza kutofautiana waziwazi na ndugu yake wa rasi inayofuata.

Tunayaeleza haya kwa sababu yana maana katika bei. Mlaji anayetaka kuona samaki, na ambaye hana haja ya cheti wala ya kujaribu kina, anaweza kuwaona wengi wao akielea juu kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Gharama yake ni ndogo zaidi, watoto wanaojua kuogelea huweza kushiriki wakisimamiwa, na hatari kubwa tutakayoieleza hapa chini haimhusu anayeelea juu. Kwa maoni yetu hilo ndilo chaguo bora kwa familia nyingi, na muuzaji mwaminifu atalitaja bila kuulizwa. Anayesisitiza kwamba bila mtungi hakuna cha kuona hasemi kweli.

Ziwa hili liko juu kuliko bahari

Mpiga mbizi anapozama, uzito wa maji huisukuma gesi ya naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta iingie katika damu na nyama za mwili wake. Akipanda polepole, gesi hiyo hutoka kwa pumzi bila madhara. Akipanda haraka, au akikaa chini muda mrefu kupita kiasi, gesi hufanya viputo mwilini, kama soda iliyofunguliwa baada ya kutikiswa. Viputo huleta maumivu ya viungo, uchovu usio wa kawaida, ganzi na upele. Vikifika kwenye uti wa mgongo au ubongo huweza kupoozesha au kuua. Dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani na kula chakula cha jioni.

Ili kuepuka hayo, wapiga mbizi hutumia majedwali au kompyuta ndogo za mkononi zinazoonyesha mtu aweza kukaa kina gani kwa dakika ngapi. Majedwali mengi yametungwa kwa ajili ya bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu tisa katika mia. Mashirika ya mafunzo ya mbizi huhesabu kwamba kanuni za maeneo ya juu huanza kutumika kuanzia mita 300. Kigoma imevuka mpaka huo zaidi ya mara mbili.

Maana yake kwa mlaji ni hii. Mpiga mbizi aliyetoka mita 30 chini ya Ziwa Tanganyika hurudi kwenye hewa nyepesi kuliko aliyetoka mita 30 baharini, na gesi iliyomo mwilini mwake hupata nafasi kubwa zaidi ya kufanya viputo. Kwa ukokotozi wa kawaida, mita 30 za hapa huhesabiwa kwenye jedwali la bahari kama takribani mita 33, na dakika zinazoruhusiwa hupungua. Mwongozaji aliyefunzwa Zanzibar au Mafia na kufanya kazi huko kwa miaka mingi anaweza kuwa hodari sana na bado asiwe amewahi kufanya hesabu hii. Aulizwe: “Mnatumia jedwali gani kwa mwinuko wa ziwa hili?” Kama ni kompyuta, aombwe aonyeshe mahali ilipowekwa kwa ajili ya mwinuko na maji yasiyo na chumvi. Zipo zinazojirekebisha zenyewe na zipo zinazosubiri kurekebishwa na mwenye nayo. Mwongozaji anayejua kazi yake huonyesha kwa dakika moja. Anayejibu kwamba maji ni maji, asilipwe.

Kuna jambo la pili, nalo ni umbali wa tiba. Ugonjwa wa viputo hutibiwa katika chumba maalumu cha mgandamizo. Mkoa wa Kigoma hauna chumba hicho. Kinachojulikana na wapiga mbizi wa nchi hii kiko Unguja. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni takribani kilomita 1,250, na kumsafirisha mgonjwa wa viputo kwa ndege kunahitaji ndege iruke chini sana au iwe na mgandamizo wa ndani unaokaribia ule wa ardhini, la sivyo safari yenyewe humzidishia ugonjwa. Kwa hiyo mbizi inayohesabiwa kuwa ya kawaida penye tiba ya jirani, huku inapaswa kupunguzwa kina na muda. Tunashauri mlaji asikubali mpango wowote wenye kukaribia mwisho wa jedwali, hata kama ana cheti kinachomruhusu.

Huduma ya kwanza ni oksijeni safi. Mtungi wake uwepo botini, uwe umejaa, uwe na barakoa inayofanya kazi, na mtu ajue kuutumia. Mlaji ana haki ya kuuona ukifunguliwa kabla boti haijang'oa nanga. Aulize pia utadumu dakika ngapi, na boti itachukua dakika ngapi kumfikisha mgonjwa bandarini na kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Idadi ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya pili, kuna kasoro katika mpango huo.

Zoezi: mgeni wa siku mbili

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi Katubuka ambaye binamu yake, mwenye cheti cha kupiga mbizi, anakuja kutoka Dar es Salaam. Ndege inatua Kigoma Ijumaa saa sita mchana. Mwenye boti anapendekeza mbizi mbili kuanzia saa tisa alasiri, kumaliza saa kumi na moja jioni, na mgeni arudi kwa ndege ya Jumamosi saa nne asubuhi. Bei ni nzuri kwa sababu hakuna malipo ya kulala siku ya pili. Je, mwalimu akubali?

Kwanza, mtu anayefika mwinuko huu kutoka pwani hushauriwa kusubiri saa sita kabla ya kuzama, ili mwili wake uzoee hewa nyepesi. Mgeni wetu hawezi kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na wakati huo giza linaingia. Mbizi ya Ijumaa basi haipo.

Pili, baada ya mbizi zaidi ya moja, mwongozo unaokubalika kimataifa ni kusubiri si chini ya saa 18 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima ni saa 12. Kutoka saa kumi na moja jioni ya Ijumaa hadi saa nne asubuhi ya Jumamosi ni saa 17. Mpango umepungukiwa na saa moja, na muuzaji huweza kusema kwamba saa moja si kitu. Lakini mwongozo huo umewekwa kuwa kiwango cha chini, tena kwa mbizi za usawa wa bahari. Kwa ziwa letu tunashauri saa 24.

Mpango sahihi ni mgeni kuzama Jumamosi asubuhi, kumaliza kabla ya saa sita mchana, na kuondoka Jumapili mchana. Unaongeza gharama ya usiku mmoja, na gharama hiyo ni sehemu halali ya bei ya mbizi. Anayeificha ili bei ionekane ndogo anamficha mlaji jambo la msingi.

Wapo watakaosema kwamba watasafiri kwa basi au treni. Hapa panahitaji uangalifu ambao wengi hawaufikirii. Kigoma iko bondeni. Barabara ya kwenda Kasulu hupanda mamia ya mita, na Tabora, inakopita reli, iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwili hautofautishi kati ya kupandishwa na ndege na kupandishwa na basi. Kwa hiyo anayemaliza mbizi adhuhuri asipande gari la jioni. Ashinde na kulala mjini, awe karibu na watu wanaojua kwamba alizama.

Mtungi, boti na mtu

Mtungi wa hewa hugongwa mhuri wa tarehe kwenye bega lake. Kwa desturi ya nchi nyingi hupimwa kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka mitano na kukaguliwa ndani kila mwaka. Mhuri usiosomeka, kutu iliyokula chuma, au valvu inayovuja ni sababu ya kutosha ya kukataa. Hewa yake haipaswi kuwa na harufu wala ladha. Mlaji avute pumzi chache akiwa bado botini. Akisikia harufu ya mafuta au moshi, hewa hiyo ilijazwa na kompresa mbovu au iliyowekwa karibu na ekzosi ya injini, na moshi usioumiza sana juu ya nchi huweza kumzimisha mtu fahamu chini ya maji.

Kuhusu boti hatutarefusha maneno, kwa kuwa wakazi wa mwambao wanazijua boti kuliko sisi. Chombo kiwe kimekaguliwa na kupewa cheti na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu. Lililo la pekee kwa mbizi ni kwamba nahodha asiondoke chomboni. Tumesikia mipango ambamo mtu mmoja ni nahodha na papo hapo ni mwongozaji wa majini. Huo si mpango. Upepo wa kusi, unaovuma zaidi kati ya Mei na Septemba, huweza kubadilisha ziwa tulivu kuwa mawimbi ndani ya muda mfupi, na boti isiyo na mtu haimfuati mpiga mbizi aliyesukumwa mbali.

Mwongozaji aonyeshe cheti chake. Mashirika makubwa ya mafunzo, kama PADI na SSI, huwezesha mtu yeyote kuhakiki cheti kupitia intaneti kwa namba iliyoandikwa juu yake. Mlaji asiye na cheti chochote anaweza kuzama kwa majaribio tu, akiwa mikononi mwa mkufunzi, na kwa kawaida kina chake hakipaswi kuzidi mita 12. Mwenye cheti cha kwanza huishia mita 18. Mipaka hii ina uzito zaidi Tanganyika, kwa sababu sehemu nyingi za pwani yake huteremka ghafla. Hatua chache kutoka mwambani chini hakuna tena, na mgeni asiyejua kujizuia kuelea hushuka bila kugusa kitu cha kumsimamisha. Kwa mbizi ya kwanza achague ghuba yenye mchanga na mteremko mdogo.

Mkufunzi atampa fomu ya afya. Ijazwe kwa ukweli. Mwenye pumu, maradhi ya moyo, kifafa, mafua makali, au mjamzito, asifiche kwa kuogopa kunyimwa safari. Fomu nyingine huwa ni ya kukubali hatari; isomwe, na mlaji abaki na nakala. Kusaini kwamba mchezo una hatari si kutoa ruhusa ya kuhudumiwa kwa uzembe.

Viumbe vya ziwani na afya ya mwili

Mamba na viboko wapo katika Ziwa Tanganyika, hasa karibu na midomo ya mito na kwenye matete. Hakuna kifaa kinachoweza kushinda taarifa ya mvuvi aliyelala ziwani usiku uliopita. Kabla ya kulipa, mlaji aulize wavuvi wa eneo hilo hilo, si wa bandari nyingine, wameona nini wiki hii. Yupo pia nyoka wa jamii ya swila aishiye majini na kula samaki. Kwa kawaida humkwepa mtu, lakini ana sumu na hapaswi kufuatwa wala kuguswa.

Kichocho hutajwa mara chache na wauzaji. Kipo katika sehemu za ziwa hili, zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na karibu na makazi ya watu. Miamba iliyo wazi ina hatari ndogo, lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba haina. Tangazo linalosema ziwa zima halina kichocho ni tangazo la kupotosha. Mgeni apime wiki sita hadi nane baada ya safari, akimweleza daktari kwamba aliingia ziwani, kwa kuwa kipimo cha mapema mno huweza kutoonyesha kitu. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na kupatikana nchini.

Makombe ya konokono yasiokotwe. Kwa mgeni ni ukumbusho wa kuweka kabatini, kwa samaki tuliowataja ni nyumba yenye mayai ndani. Samaki hai wa mapambo nao husafirishwa nje kwa kibali chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Anayemwahidi mgeni kumfungia wawili watatu kwenye mfuko wa plastiki anamweka mashakani uwanja wa ndege. Katika hifadhi za Gombe na Mahale, kuingia na shughuli za majini vina ada na masharti ya Shirika la Hifadhi za Taifa. Ada hizo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi anayesubiri Kibirizi.

Risiti na malalamiko

Anayeuza safari za utalii hutakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii Na. 29 ya mwaka 2008. Jina lililo kwenye leseni lilingane na lililo kwenye risiti ya EFD na lile linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma pesa. Yakitofautiana, mlaji asimame na kuuliza. Malipo ya awali yawe madogo, na masharti yake yaandikwe: nini kitarudishwa upepo ukizuia safari, nini kitarudishwa mwongozaji akiamua kwamba mgeni hafai kuzama. Sharti hili la pili husahauliwa sana. Likikosekana, mwongozaji hujikuta akichagua kati ya pesa na usalama wa mteja, na mteja huficha mafua yake.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma, na malalamiko ya aina hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Kasoro za chombo zipelekwe TASAC. Katika hali zote mbili mlalamikaji aje na risiti, nakala ya fomu alizosaini, ujumbe wa simu uliotumika kupatana bei, picha ya mhuri wa mtungi ikiwa alipiga, na maelezo mafupi aliyoyaandika siku ile ile yenye saa ya kuingia majini, saa ya kutoka, na kina alichofika. Maelezo hayo ayaweke mfukoni hata kama hana malalamiko yoyote. Akiamka usiku na ganzi mguuni, ndiyo daktari atakayoyauliza kwanza.